Mkalimani wa Mahakama Kuu: uzi wa kumkumbuka Benedicto Kiwanuka wa Kisabwa

#1 Karani wa Buddu

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote: Kampala, Jinja, Arua, Bombo, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Mimi ni karani wa mahakama huku Buddu, upande wa Masaka, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ukalimani. Jaji anasema Kiingereza. Aliye mbele yake mara nyingi ni wa Kiganda, na kila baada ya siku chache huja wa Kiswahili: dereva wa lori aliyepitia mpaka wa Mutukula, mvuvi kutoka visiwani, mke wa askari. Hao wa Kiswahili ndio wangu.

Majuma mawili yaliyopita alikuja mama mmoja, mtu mzima. Mwanawe alichukuliwa usiku na watu wenye bunduki, na kila mlango aliobisha hodi akaambiwa hapa hayupo. Wakili akamwandikia ombi ambalo wenyewe huliita kwa Kilatini, hebiasi kopasi. Jaji akalisoma, akatoa amri na kutaja tarehe, kisha akanigeukia: mweleze mama. Nikamwambia, "Mama, jaji ameamuru mwanao aletwe hapa." Akanitazama kwa muda. "Aletwe mwenyewe, au ziletwe habari zake?"

Nina miaka 14 katika kazi hii na Kiswahili changu chote kiliniishia pale. Nikamjibu, "Mwenyewe, mama." Jioni nilirudi nyumbani na swali lake kichwani, nikamkumbuka mzee wetu Benedicto Kiwanuka. Alitoa amri ya namna hiyohiyo akiwa Jaji Mkuu, na siku si nyingi baadaye akachukuliwa yeye, asiletwe tena mbele ya mtu yeyote.

Wengi wanamjua kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, au kama jina la barabara pale Kampala karibu na paki kuu ya zamani, ambako makondakta hulitaja kutwa nzima bila kumfikiria. Mimi nataka tumkumbuke alikoanzia. Kabla ya uwakili, kabla ya siasa, alikuwa mkalimani wa Mahakama Kuu. Alikaa kiti kama changu.

Nitaendelea hapa chini. Mwenye kumbukumbu ya wazee wake aiweke, nazikusanya.

#2 Utingo_Kyaka

Karani, nipo. Huku kwetu Kagera jina hilo tunalisikia redioni tu. Shusha, mkuu.

#3 Karani wa Buddu

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka alizaliwa 8 Mei 1922 katika kijiji cha Kisabwa, huku Buddu. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, watu wa kawaida, wale ambao Waganda huwaita bakopi: hawana cheo kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, wala ukoo wa machifu. Kwa asiyeijua Buddu, ni nchi ya migomba na buni, na ndiyo sehemu waliyopewa Wakatoliki baada ya vita vya dini vya Mengo, makao makuu ya Kabaka, mwaka 1892. Mtoto wa mukopi alikuwa na njia moja ya kutoka, nayo ilipitia misheni. Mwaka 1939, Benedicto akiwa na miaka 17, Masaka ilimpata Joseph Kiwanuka, askofu mweusi wa kwanza wa Kanisa Katoliki katika zama hizi. Majina yao yanafanana tu. Lakini jaribu kuwa kijana wa Buddu mwaka ule, unamwona mtu wa rangi yako amekalia kiti ambacho uliambiwa ni cha Wazungu.

Mwaka 1942 akaingia jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, King's African Rifles (KAR), akakaa humo hadi 1946. Naomba tutulie hapa kidogo, maana wanaoandika habari zake hupita haraka. KAR ilikuwa na lugha yake ya amri, nayo ni Kiswahili. Mganda, Mwacholi na Mkamba wote walipangwa mstari mmoja na kuamrishwa kwa lugha hii tunayoandikia sasa. Kijana aliyelelewa kwa Kiganda na sala za Kilatini akatoka jeshini akiwa amekwisha kuona kwamba mtu anaweza kupona au kupotea kwa sababu ya neno moja alilolielewa vibaya.

Aliporudi akapata kazi Mahakama Kuu Kampala, karani na mkalimani. Majaji wote wakati huo walikuwa Waingereza. Fikiria mkulima wa Singo ameshitakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kamba. Mbele yake amekaa Mzungu mwenye wigi. Kati yao yupo kijana mmoja wa Kisabwa. Kila neno la yule mkulima linapita kinywani mwa kijana huyu kwanza. Akipunguza, limepungua. Akichoka, mtu anakufa.

Mimi naifanya kazi hiyo, kwa hiyo niruhusuni kusema jambo ambalo halijaandikwa popote: huwezi kuifanya ukabaki vilevile. Unamtafsiria mtu katika "mimi". Husemi "anasema hakuwepo", unasema "mimi sikuwepo". Siku nzima unakuwa mwizi, mjane, polisi, mtoto aliyeumizwa. Jioni unapovua tai, bado wamo ndani yako. Naamini uwakili wake ulianzia hapo, kabla hajakanyaga London.

#4 Utingo_Kyaka

Karani umenigusa pabaya. Miaka kadhaa nyuma niliwekwa ndani siku sita upande huo wenu, kituo sikitaji, kwa ajili ya karatasi za mzigo ambazo hata si mimi niliyeziandika. Hapakuwa na mtu wa Kiswahili. Afisa anauliza kwa Kiganda, mimi naitikia "ndiyo afande", nikidhani anauliza kama nimekula. Kumbe nakiri. Niliweka na dole gumba kabisa. Aliyenitoa ni mwanamke muuza chapati pale nje, aliyejua lugha zote mbili, akaingia na kusema huyu haelewi mnalomuuliza. Jina lake sikulijua mpaka leo. Endelea, mkuu.

#5 Mzee wa Nyendo

Wanangu, mimi nina umri wa kutosha kuyasema haya. Nilizaliwa 1953, baba yangu alikuwa na ekari mbili za buni si mbali na Villa Maria.

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka minane. Mengo ilikuwa imekataza Waganda wasijiandikishe kupiga kura, maana Kabaka na Lukiiko, baraza lake, hawakutaka Uganda moja kabla mambo ya Buganda hayajatengenezwa. Baba akajiandikisha. Alikuwa DP, Democratic Party ya Ben Kiwanuka, chama cha jembe, na alisema Ben ni mtoto wa mkulima mwenzake na jembe ni lake pia. Siku moja tukaamka asubuhi migomba yetu yote ya upande wa barabarani imefyekwa. Imelala chini kama watu. Mama alilia, baba hakusema kitu. Akachukua panga akaanza kukata majani makavu, akafunika mashina yachipue upya. Siku ya kura akaenda.

Nilimwona Ben mara moja kwa macho yangu, kwenye mkutano hapa Masaka. Nilibebwa mabegani kwa hiyo nilimwona vizuri. Mtu mwenye mwili, uso wa mviringo, suti iliyomkaa. Sikumbuki alichosema. Nakumbuka wazee waliokuwa wakisikiliza walivua kofia, na hapakuwa na mchungaji wala chifu pale, alikuwapo mwana wa mukopi tu.

#6 Mjukuu wa Mengo

Naheshimu machozi ya mzee hapo juu na ninasikitika kwa migomba ile. Lakini uzi wa kumkumbuka mtu usigeuzwe ibada. Babu yangu alikuwa mtu wa Kabaka Yekka, chama cha kumtetea Kabaka, mpaka kaburini, na yeye pia alikuwa na hoja.

Katika uchaguzi wa Machi 1961 DP ilichukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda kwa sababu Waganda karibu wote walisusa. Nchi nzima UPC, chama cha Milton Obote, ilipata kura kama 495,000, DP 416,000. Aliyepata kura chache ndiye aliyepewa serikali. Alijua kwamba watu wake mwenyewe hawakumchagua, akakubali. Babu alisema Ben angeweza kwenda Mengo akapiga magoti mbele ya Kabaka kama Mganda mwingine yeyote, yakaisha. Kiburi cha usomi kilimkataza, na kwa kukataa kwake Mengo ikaenda kufunga ndoa na Obote. Matokeo ya ndoa ile tuliyaona 24 Mei 1966, kasri ya Kabaka inawaka moto mikononi mwa askari wa Obote huyohuyo.

Nasema hivi si kwa kumchukia. Nasema kwa kuwa hata mimi namhuzunikia, na huzuni isiyosema kweli hainifai.

#7 Karani wa Buddu

Mjukuu wa Mengo, nakushukuru, na takwimu zako ni sawa. Sina ugomvi nazo.

Nitakujibu moja tu. Unasema angepiga magoti. Kupiga magoti hakukuwa tatizo kwake, yeye ni Mganda na Mkatoliki, magoti aliyazoea. Tatizo la Mengo lilikuwa kwamba mukopi, tena wa Buddu, tena wa Kirumi, anakaa juu ya Kabaka. Hata angetambaa, lisingeondoka hilo. Kwenye uchaguzi wa Aprili 1962 viti 21 vya Buganda havikupigiwa kura na wananchi, vilijazwa na Lukiiko, na hapo hesabu ikamgeuka. Alikuwa Waziri Mkuu tangu 1 Machi mpaka 30 Aprili 1962, miezi miwili. Uhuru ulipofika 9 Oktoba hakuwa na kiti hata bungeni.

Kiburi alikuwa nacho, wazee wa hapa wanalikubali hilo. Mkaidi. Hakujua kubembeleza. Ila kuna ukaidi ambao ukiwa mwanasiasa unakuangusha, na ukiwa jaji ndio huohuo unaotakiwa. Tutafika.

#8 Wakili wa Jinja

Habari za usiku. Karani ameruka kipande cha masomo, naomba nikijaze kwa kuwa ndicho kilichonifanya mimi nisome sheria.

Wakati ule Uganda haikuwa na mahali pa kusomea sheria. Kitivo cha kwanza Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, Makerere ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 60. Kwa hiyo mwaka 1950 karani wa mahakama mwenye mke nyumbani akafunga safari kwenda Roma. Msidhani ya Papa. Roma ya Basutoland, siku hizi Lesotho, Chuo cha Pius XII, ambacho Wakatoliki walikuwa wamekianzisha miaka mitano tu nyuma. Miaka miwili huko, kwenye baridi ya milima. Kisha 1952 London, University College, na 1956 akakubaliwa kuwa wakili katika Gray's Inn. Mwaka huo alitimiza miaka 34. Wengi wa rika lake Wazungu wenye pesa walimaliza hatua hiyo wakiwa na 24.

Mimi ni mtoto wa muuza samaki wa Masese, hapa Jinja. Nilianza sheria nikiwa na miaka 27, baada ya kubeba magunia bandarini, na darasani walikuwapo waliodhani ni mhudumu wa kufagia. Nilikuwa na kijikaratasi ndani ya daftari kimeandikwa "34". Hakuna aliyejua maana yake.

Alirudi 1956 akafanya uwakili wa kujitegemea miaka michache, na 1958 akachukua uongozi wa DP kutoka kwa Matayo Mugwanya. Yaani uwakili wenyewe haukumkaa muda mrefu. Ndiyo maana nakubaliana na Karani: ukitaka kumwona mwanasheria, mtazame mwanzo kabisa na mwisho kabisa.

#9 BintiBombo

Assalaam alaykum. Nimesoma tangu juu, nikaandika na kufuta mara tatu.

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Babu yangu alikuwa askari, na baba yake babu alikuwa askari wa KAR hiyohiyo mnayoisema. Nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili. Nilipoanza shule Kampala mwishoni mwa miaka ya 80 mama alinikataza kusema Kiswahili kwenye teksi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, watu hapa wakiisikia lugha hii wanakumbuka waliogongewa mlango usiku. "Toka nje." "Lala chini." "Panda gari." Hayo ndiyo maneno ya Kiswahili ambayo Waganda wengi waliyajua, na waliyajua kutoka kwa watu wenye sare, na baadhi ya wale wenye sare walikuwa watu wetu.

Rais Idi Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wilaya 12 ziliichagua na 8 zikataka Kiganda. Lakini lugha haipendwi kwa hesabu ya wilaya. Mtu anaipenda kwa yule aliyeisema naye mara ya kwanza.

Sijui babu yangu alikuwa wapi 21 Septemba 1972, siku Kiwanuka alipochukuliwa. Hakuwahi kusema, na sisi hatukuuliza, na sasa amefariki. Nikisoma jina la Kiwanuka huwa nahisi nina deni nisilojua kiasi chake. Nilitaka kulisema hilo hapa, kwa Kiswahili, kwa watu wa Masaka. Basi.

#10 Mzee wa Nyendo

Binti yangu wa Bombo, nimekusoma. Huna deni kwangu. Baada ya Amin kuanguka 1979 watu wenu nao walifukuzwa makwao na kuuawa kwa ajili ya lugha na dini tu, niliyaona kwa macho haya. Mwambie mama yako mzee mmoja wa Nyendo anamsalimu kwa Kiswahili.

Nimalizie nilichokijua mwaka ule. 17 Septemba 1972 wapiganaji wa Obote, aliyekuwa amepinduliwa na Amin, walivuka kutoka Tanzania pale Mutukula, wakaja barabara ya Masaka. Nilikuwa na miaka 19. Tulisikia milio kutoka upande wa Kalisizo, watu wakakimbilia migombani na magodoro vichwani. Mji hawakuufikia, jeshi likawarudisha. Kisha ikaanza kazi ya kukamata. Hapa Masaka kila aliyewahi kuwa na cheo, mwenye duka, mwalimu, aliyejulikana tu kwa jina, alihesabika adui. Wengine walichukuliwa mchana kweupe. Siku nne baada ya uvamizi ule, Kampala, wakamchukua Ben. Baba alipata habari kanisani. Alirudi nyumbani akakaa chini ya mwembe mpaka giza, jembe liko miguuni pake.

#11 Karani wa Buddu

Sasa nifike mwisho wa habari yenyewe.

Obote akiwa Rais alimweka Ben kizuizini 1969. Amin alipopindua 25 Januari 1971 aliwafungua wafungwa wa kisiasa, yeye akiwamo, na Juni mwaka huo akamfanya Jaji Mkuu. Kabla yake kiti hicho kilikuwa na Dermot Sheridan, na kabla ya Sheridan alikuwapo Mnaijeria, Udo Udoma. Ben ndiye mzaliwa wa Uganda wa kwanza kukikalia. Mkalimani aliyekuwa akisimama chini akitafsiri, miaka kama 20 baadaye akapanda kukaa juu, mahakama ileile.

Najua swali linalokuja: kwa nini alikubali kazi ya Amin? Nimelifikiria sana. Januari 1971 Kampala nzima ilicheza barabarani, pamoja na watu wenye akili kuliko mimi. Alikuwa ametoka gerezani kwa mkono wa mtu huyo. Na nadhani, kwa ukaidi wake ule ambao Mjukuu wa Mengo ameutaja, aliamini kwamba akikaa pale sheria itakuwa na mtu wa kuisema.

Septemba 1972 likafika mbele yake ombi la Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, mfanyabiashara aliyeshikwa na wanajeshi. Kumbukeni majira: Agosti Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia kwa siku 90, Waingereza walikuwa maadui wa redio kila jioni. Hakuna Mganda hata mmoja ambaye angemlaumu jaji kwa kuliacha ombi la Mzungu likae kwenye faili. Ben akalisikiliza mwenyewe. Akaamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumshika mtu yule, akaamuru aachiliwe.

Mimi humwazia Stewart kama mtu aliyesimama kizimbani bila lugha. Kiingereza alikuwa nacho, ndiyo, lakini mbele ya kambi ya jeshi Kiingereza chake hakikuwa na mkalimani. Nadhani Ben alimwona yule mkulima wa Singo. Hilo ni wazo langu mimi karani, lichukueni hivyo.

Asubuhi ya 21 Septemba wanaume wenye bastola wakaingia Mahakama Kuu, ofisini kwake. Walimvua viatu. Wakamtoa nje mbele ya watumishi wa mahakama na kumtia garini. Kila nikisoma hapo nawatazama wale watumishi kuliko ninavyowatazama wenye bastola: makarani, watu wa masijala, labda na wakalimani. Watu wa kazi yangu. Walisimama na faili mikononi. Ningekuwa mimi ningefanya nini? Sijawahi kujijibu.

Serikali ikasema ametekwa na watu wa Obote. Masimulizi mengi yanasema aliuawa muda mfupi baadaye katika gereza la kijeshi la Makindye. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Alikuwa na miaka 50.

#12 Wakili wa Jinja

Hakuwa peke yake majuma yale. Joseph Mubiru aliyekuwa gavana wa Benki ya Uganda alichukuliwa Septemba ileile, Frank Kalimuzo mkuu wa Makerere mwezi uliofuata, na Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, akauawa. Mwaka 1974 Amin alishinikizwa akaunda tume ya kuchunguza waliopotea, chini ya Jaji Mohamed Saied. Ilisikiliza mashahidi 545 na kuandika visa 308. Watu 545 waliothubutu kuja kusema, Amin akiwa bado madarakani! Nikisoma hilo najiuliza ni nani aliyewatafsiria, na kama mikono ilimtetemeka.

Kuhusu yule mama wa #1. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 23, inataka anayeshikiliwa kwa tuhuma ya jinai afikishwe mahakamani kabla ya saa 48. Ibara hiyohiyo inasema haki ya kuomba hebiasi kopasi haivunjiki wala haisimamishwi, na ibara ya 44 inaitaja miongoni mwa haki chache zisizoguswa hata wakati wa hatari. Walioandika mistari hiyo walikuwa na sababu na walijua ni ya nani. Tangu 2018 Mahakama imekuwa ikifanya mhadhara wa kumkumbuka kila Septemba. Nimehudhuria. Hotuba ni nzuri, ila wateja wangu wawili bado natafuta waliko.

#13 Mjukuu wa Mengo

Nimesoma #11 mara mbili. Babu yangu, pamoja na yote aliyoyasema juu yake, mwaka 1972 alifunga duka siku tatu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba bibi alinisimulia hivyo. Aliandika kwenye mlango kwamba anaumwa.

#14 Utingo_Kyaka

Karani, tukusaidie na hilo neno. Huku Tanzania mawakili wetu nao wanasema kwa Kilatini, kwa hiyo tuko sawa. Mimi mtu wa gari ningemwambia mama hivi: "mleteni tumwone". Jaji anawaambia wale waliomshika, mleteni tumwone. Habari hazionekani kwa macho.

#15 BintiBombo

Hilo zuri. Lina "tu" ndani yake. Si jaji peke yake anayetaka kumwona.

#16 Karani wa Buddu

Mleteni tumwone. Nimeliandika kwenye daftari langu la maneno, Utingo, na nimekutaja kwa jina lako la hapa. Tarehe aliyoitaja jaji ni Jumatano. Nitarudi.

#17 Mzee wa Nyendo

Jumatano nitakuwa mjini kupeleka buni. Nitakaa benchi la nyuma, sitasumbua mtu.

#18 Karani wa Buddu

Samahani kwa kukawia. Imekuwa siku ndefu.

Saa tatu hakuna mtu. Saa nne wakili wa upande wa serikali akasimama na karatasi, akaanza kueleza kwamba taarifa zinafuatiliwa. Nikamtafsiria mama neno kwa neno. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwambie jaji hizo ni habari zake." Nikamtafsiria jaji katika "mimi", kama kazi inavyotaka: hizo ni habari zake, mimi nimekuja kumwona mwanangu. Jaji akaahirisha hadi saa nane, akasema saa nane atarudi kukaa palepale.

Mzee wa Nyendo alikuwapo, wanajukwaa. Amekaa benchi la nyuma tangu asubuhi na kofia yake magotini. Mchana alimnunulia mama chai na muhogo.

Saa nane na nusu mlango wa pembeni ukafunguliwa. Amekonda, jicho moja limevimba, amevaa ndara za mtu mwingine kwa namna zilivyompwaya. Anatembea. Mama alisimama, askari akanyosha mkono kumzuia, mama akasema kitu kwa haraka. Jaji akaniuliza anasemaje.

Nikasema, naomba nimshike mkono.

Jaji akatikisa kichwa kukubali. Nikageuka nikamwambia mama, mshike.